Kiwavi Hazoei Dawa

Hotuba hii niliitoa Jumamosi moja asubuhi, hapa Dar es Salaam, mbele ya wakulima wa mboga wa bondeni, kwenye uwanja wa ofisi ya serikali ya mtaa. Nimeiandika kama ninavyoikumbuka. Salamu nimezipunguza, na waliokatiza kwa maswali nimewaachia nafasi yao.

Mwenyekiti wetu wa mtaa, wazee wangu shikamooni, mama zangu, kaka na dada, na ninyi wanafunzi mliokaa chini ya mwembe kwa sababu viti vimeisha, habari za asubuhi. Itifaki naomba tuseme imezingatiwa. Jua la hapa mnalijua, na wageni niliokuja nao hawapendi joto.

Wageni wenyewe wamo kwenye makopo haya matatu. Ni makopo ya plastiki ya kuwekea chakula, nimetoboa vifuniko kwa sindano. Kila kopo lina jani moja la chainizi na viwavi kumi. Mnawajua: ni wale wadogo wa kijani, ukimgusa anajinyonganyonga kurudi nyuma, ukimsumbua zaidi anajiachia kwenye jani na kuning'inia kwa uzi. Mama yake ni nondo wa kabichi, yule mdogo wa kijivu anayeruka ruka jioni mnapomwagilia. Wote thelathini nimewatoa tuta moja, jana asubuhi, kwa ruhusa ya mwenye tuta, ambaye alishangaa kuona mtu anaomba viwavi kwa adabu.

Kopo lenye utepe mwekundu, jani limeoshwa kwa maji ya bomba tu. Kopo lenye utepe wa bluu, jani limepuliziwa ile dawa ya unga mnayoiita Bt. La tatu, lenye utepe mweupe, nitalisema baadaye, kwa sababu lina aibu yake. Haya, mapitisheni hayo mawili. Msifungue.

(Makopo yakaanza kuzunguka. Kabla hayajafika mstari wa tatu, mama mmoja mwenye kanga ya njano akainua la bluu juu.)

Anasema: "Mwanangu, lakini hawa hawajafa!"

Ni kweli, mama. Mimi nimehesabu nilipofika hapa: saba wanajongea. Lakini tazama jani lenyewe. Kopo jekundu, jani limejaa madirisha: wale wadogo wamekula nyama ya jani upande mmoja wakaacha ngozi nyembamba kama nailoni, wakubwa wametoboa kabisa. Chini kuna mavi yao, meusi, kama pilipili manga iliyosagwa. Kopo la bluu, jani liko karibu zima na mavi ya kuhesabu. Viwavi wale wako hai, ila hawali tena. Kiwavi asiyekula hakutii hasara hata kama anakutazama.

Hapa ndipo wengi wetu tunaponunua matatizo. Mtu anapulizia jioni, asubuhi anakwenda shambani, anawakuta wapo. Anamlaani muuza pembejeo, anarudi na sumu kali, anachanganya vizibo viwili badala ya kimoja. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza kazini, nilimwambia mzee mmoja aongeze kizibo cha pili, kwa kujiamini kabisa. Dawa yake ilikuwa inafanya kazi vizuri. Aliyekuwa hajasoma somo ni mimi.

Basi tuanze na dawa yenyewe ni nini, kisha tuje kwenye jambo lililonileta, nalo ni hili neno mnalolisema kila siku: "wadudu wameizoea dawa."

Ndani ya pakiti ile kuna bakteria wa kawaida wa udongoni. Jina lake la kitaalamu ni Bacillus thuringiensis, nalitaja mara moja tu ili wanafunzi waandike. Aliyemwona mwanzo alikuwa upande wa viwavi. Japani, mwaka 1901, Ishiwata Shigetane alikuwa akitafuta kwa nini viwavi wa hariri wanalegea na kufa ghafla. Kule kiwavi ndiye mshahara, ndiye ada ya mtoto, na huyu bakteria alikuwa mwizi. Mwaka 1911 Mjerumani, Ernst Berliner, akamkuta kwenye viwavi wa nondo wa unga waliotoka katika jimbo la Thuringia, na jina likatoka huko. Kufika 1938 Wafaransa walikuwa wameshamtia kwenye pakiti na kumuuza kama dawa.

Bakteria huyu chakula kikimwishia hujifungia ndani ya ganda gumu, akisubiri siku njema. Pembeni ya ganda huacha fuwele ya protini. Ukiiona kwenye hadubini ni kama kipande cha almasi, pembe kwa pembe. Fuwele hiyo bado si sumu. Mimi au wewe tukiimeza kwenye kachumbari, tumbo letu litaisaga kama protini ya maharage. Kwa kiwavi mambo ni tofauti, kwa sababu tumbo lake ni magadi.

Mama zangu mnaopika makande mnajua magadi yanavyofanya: kile ambacho maji matupu yangehangaika nacho mpaka jioni, magadi yanakilainisha mapema. Kwenye kipimo cha maabara maji safi ni 7. Tumbo letu ni ndimu, liko karibu na 2. Utumbo wa kiwavi unapita 9, wengine wanafika hata 11. Fuwele ile kwenye ndimu haipati nafasi yake, lakini kwenye magadi inayeyuka. Ikishayeyuka, vimeng'enya vya kiwavi, vilevile vinavyomsagia chainizi yako, vinaikata ile protini ndefu mpaka ibaki karibu nusu. Hapo ndipo inakuwa sumu. Yaani kiwavi ameimenya mwenyewe.

Sasa sumu ipo tumboni, lakini haijafanya kitu. Lazima itie nanga. Ukuta wa utumbo wa kiwavi una protini zake zilizojitokeza, zenye kazi zake nyingine za kila siku. Wataalamu wanaziita vipokezi. Mimi nimezaliwa Temeke, baba yangu alikuwa kuli bandarini, naziita gati. Meli ikifika Dar ikakosa gati inabaki nangani wiki nzima na mzigo wake, hata ikiwa imebeba baruti. Sumu ikipata gati inayoifaa, inashika. Zinashika kadhaa, zinajikusanya pamoja, kisha zinajichomeka kwenye ukuta wa seli na kufanya tundu. Maji na chumvi vinaingia ovyo, seli inavimba, inapasuka, na ya jirani yake pia. Ndani ya saa chache kiwavi anaacha kula. Yale magadi yanavuja kwenye damu yake, bakteria wa tumboni wanapita palipotoboka, na kwa kawaida siku ya pili au ya tatu mnamkuta mweusi, laini, ukimgusa anachuruzika.

Kwa hiyo kuna milango minne: ale, fuwele iyeyuke, ikatwe, ipate gati. Mmoja ukifungwa, hafi. Nitawarudisha hapo.

Gati hizi hazifanani kwa wadudu wote, ndiyo maana bakteria huyu ana koo nyingi na kila ukoo una fuwele zake. Koo zinazoitwa kurstaki na aizawai ni za viwavi wa nondo na vipepeo. Upo wa mbawakawa. Wadudu mafuta na inzi weupe, ambao wananyonya utomvu tu, hawakuguswa na dawa yenu ya kabichi na hawataguswa, msipoteze hela. Na kantangaze wa nyanya? Yeye ni mtoto wa nondo, Bt inamwua, lakini akishaingia ndani ya jani au tunda hakuna anacholamba nje. Ni kumwahi kabla hajaingia, au umwache.

Upo na ukoo wa mbu. Ulipatikana mwaka 1976 kwenye dimbwi la maji katika jangwa la Negevi, Israeli, ambako viluwiluwi walikuwa wamekufa wengi juu ya maji. Huu ninyi watu wa Dar mmeshaishi nao, pengine bila kujua. Mwaka 2006 mpango wa jiji wa kupambana na malaria ulianza kuutia kwenye madimbwi ya Buguruni, Kurasini na Mikocheni, vijana wa mitaa wakipita kila wiki. Na pale Kibaha kuna kiwanda cha viuadudu hivyo, kilichojengwa kwa utaalamu wa Kuba. Juni 2017 Rais Magufuli alipokitembelea aliziagiza halmashauri zikanunue. Nataja mbu kwa sababu nitawahitaji tena tukifika kwenye mseto wa dawa.

Haya, usugu.

Naomba tulifute hili neno "kuzoea". Mlevi huzoea gongo: jana glasi moja, leo mbili, kesho chupa, na ni mtu yuleyule. Kiwavi hazoei. Kiwavi mmoja akila Bt, anakufa au hafi. Asiyekufa hakujifunza kitu jana usiku, alizaliwa hivyo. Katika kundi kubwa kuna wachache sana ambao gati zao zina kasoro ndogo ya kuzaliwa, sumu haishiki. Kabla hujapulizia, kasoro ile haimsaidii lolote, wakati mwingine inamchelewesha kukua. Siku unapopulizia unawaondoa wenzake wote, yeye unamwachia shamba, chakula na mchumba. Wewe ndiye mshenga.

Tuseme kwa mfano tu: tutani kuna viwavi 10,000 na watano wana kasoro hiyo. Umepulizia vizuri, wamebaki watano na wachache waliojificha. Kwa joto letu, kutoka yai mpaka nondo anayetaga ni kama wiki tatu, pengine pungufu. Nondo mmoja hutaga mayai mia na zaidi. Chainizi ipo mwaka mzima, kwa hiyo vizazi kwa mwaka ni zaidi ya kumi na tano. Ng'ombe angechukua miaka hamsini kufanya kazi hiyo. Huyu anaifanya kati ya Sabasaba moja na nyingine.

Na huyu nondo wetu wa kabichi ana historia. Mwaka 1953, huko Java, Indonesia, aliripotiwa kuishinda ile sumu ya DDT, wa kwanza au miongoni mwa wa kwanza kabisa kati ya wadudu wa mazao. Bt ilipokuja watu walisema, hii ni ya asili, haitashindwa. Walipulizia Hawaii, kwenye mashamba yanayolimwa bila kupumzika kama ya kwetu. Mwaka 1990 Bruce Tabashnik na wenzake wakatangaza: nondo wa mashamba yaliyopuliziwa mara nyingi, viwavi wake hawafi tena kwa kipimo kinachowaua wengine. Alikuwa mdudu wa kwanza duniani kuishinda Bt shambani. Walipochunguza tumbo lake wakakuta gati: sumu inafika, haishiki.

Baadaye imeonekana milango mingine pia inafungwa. Wapo ambao vimeng'enya vyao havikati vizuri. Wapo ambao utumbo unajiziba haraka kuliko unavyotobolewa. Lakini habari kubwa, hasa ule usugu mkali, iko kwenye gati.

Jambo moja la kutia moyo kutoka Hawaii: baadhi ya nondo wale walipoachwa maabara vizazi kadhaa bila dawa, usugu ulipungua na sumu ikaanza kushika tena. Si kila mara inakuwa hivyo, msiende kulitegemea. Ila inaonyesha kwamba kasoro ile ina gharama kwa mwenye nayo pale dawa isipokuwepo.

Sasa niwaombe jambo ambalo hamjawahi kuombwa na mtaalamu wa kilimo. Muache viwavi wengine waishi.

(Hapo walicheka. Mzee mmoja mbele akasema, "Huyu ametumwa na viwavi." Nikamwacha amalize kucheka.)

Mzee wangu, subiri. Selimundu mnaijua, hapa Muhimbili wana kliniki yake. Mtoto haugui selimundu kwa kurithi upande mmoja. Lazima baba ampe na mama ampe. Akipewa na mmoja tu, anabeba lakini haugui. Usugu mwingi wa Bt uko hivyohivyo: kiwavi anahitaji nakala mbili za kasoro ndipo aishi. Mwenye nakala moja anakufa kama wengine, ilimradi dozi iwe imekamilika.

Basi fikiri ule usiku baada ya kupulizia. Wamebaki nondo watano sugu. Kama bonde zima halina nondo mwingine, wataoana wenyewe kwa wenyewe, watoto wote nakala mbili, shamba limekwisha. Lakini kama kuna kona haikupuliziwa, ikatoa nondo mia tano wa kawaida, yule sugu ataoa au ataolewa na wa kawaida, kwa sababu ndio waliojaa. Watoto wanazaliwa na nakala moja. Ukipulizia tena, wanakufa. Ile kona ya viwavi hai ndiyo inayokulindia dawa yako.

Hili si la kufikirika. Marekani walipoanza kupanda pamba iliyotiwa jeni ya Bt mwaka 1996, yaani mmea wenyewe unatengeneza sumu, sheria iliwalazimisha wakulima kupanda pia kipande cha mbegu ya kawaida, ndicho kinachoitwa hifadhi. Huko Arizona funza wa vitumba vya pamba alikaa zaidi ya miaka kumi bila kuishinda sumu ile. Baadaye wakaongeza kuachia nondo waliofanywa tasa, na mwaka 2018 wakatangaza kuwa mdudu huyo ameondoka kwenye pamba ya Marekani. India, pamba ileile na funza yuleyule: vipande vya hifadhi viliandikwa kwenye karatasi, shambani havikupandwa. Mwaka 2008 usugu ulikwisha kuonekana Gujarat. Sumu moja, mdudu mmoja, nchi mbili.

Naona kijana wa chuo ameinua mkono, anataka kusema Afrika Kusini. Sema. ... Vizuri. Na ndipo hesabu yangu ya selimundu inapochechemea, heri niseme mwenyewe kabla hamjanikamata. Afrika Kusini walianza kupanda mahindi ya Bt mwaka 1998. Mwaka 2007 ikaandikwa kwamba funza wa mabua anaishi ndani ya mahindi yale. Hata miaka kumi haikufika. Walipochunguza urithi, wakakuta kwa funza huyu nakala moja inatosha kumponya. Hapo kona ya hifadhi inasaidia kidogo tu. Kwa hiyo mtu akikuuzia kanuni moja ya wadudu wote, mwulize ni ya mdudu gani.

Sisi hapa mahindi ya Bt hatupandi. Majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa jeni, yaliyoanza 2016 pale Makutupora, Dodoma, hayakufika kwa mkulima. Wakenya pamba ya Bt wameanza kuipanda 2020. Ubishi wa kama tupande au tusipande una baraza lake, leo siuingii. Ila hata ninyi wa kupulizia tu, viwavi wanachagulika vilevile.

Tuje kwenye mseto, na mbu wangu. Wengi hapa mnakumbuka klorokwini, ile dawa ya malaria, na ile mikwaruzo ya usiku kucha. Ilishindwa, ikaondolewa 2001. Ikaja dawa nyingine, SP, nayo haikukaa sana. Kuanzia 2006 tunatumia mseto: dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, kijidudu akiikwepa hii anakutana na ile. Neno "mseto" kila mtoto wa Dar analijua kutoka redioni.

Bakteria wa Negevi alikuwa na mseto wake kabla yetu. Fuwele yake ina sumu nne tofauti, na mojawapo haihitaji gati za kawaida. Yenyewe inajichomeka kwenye ukuta, halafu zile nyingine zinaitumia hiyo kama gati. Amefikiria kuliko kamati. Ametumika tangu miaka ya 1980, kwenye mito ya Afrika Magharibi dhidi ya inzi wa upofu na kwenye mabwawa ya Ujerumani, na usugu mkubwa wa kudumu shambani haujaonekana. Binamu yake anayetumika kwa mbu pia, aitwaye sphaericus, ana sumu moja inayoshika gati moja. Yeye mbu wa vyooni walimshinda Ufaransa, Brazili na India ndani ya miaka michache. Ndiyo maana pamba mpya za Bt zina sumu mbili au tatu kwenye mmea mmoja.

Lakini mseto una sharti: kila dawa iliyomo iwe inaua yenyewe, na zisitumie gati moja. Ukichanganya kwenye bomba Bt na Bt nyingine ya ukoo uleule yenye jina tofauti la dukani, hujafanya mseto, umelipa mara mbili. Na ukichanganya Bt na chochote kilichobaki kwenye chupa, kizibo cha hii na nusu kizibo cha ile, huo si mseto, ni mchuzi.

Basi bondeni kwetu. Tatizo letu kubwa ni kwamba bonde halina majira. Chainizi leo, chainizi kesho, kabichi pembeni, sukuma wiki kwa jirani. Kwa nondo huyu yote ni meza moja. Na tunapulizia kwa kalenda, kila Jumanne, awepo asiwepo. Mkikubaliana, matuta kadhaa kwa zamu yawe ya bamia au matembele kwa miezi miwili, nondo wa kabichi atatua na hatakuta pa kutagia. Hilo haliwezi kufanywa na mtu mmoja. Wewe ukibadili na jirani asibadilike, nondo atavuka mfereji, hana nauli ya kulipa.

Kabla ya kupulizia, geuza majani. Kama mimea mingi haina kiwavi, bomba likae. Ukipulizia, pulizia jioni. Jua hili linaiua Bt kwa siku chache tu, na mvua inaiosha. Lenga chini ya jani ndiko wanakokula, na wawahi wakiwa wadogo. Dozi ya kwenye pakiti, si pungufu: dozi pungufu inamponya yule wa nakala moja, na huyo ndiye hatutaki apone. Ukitumia Bt wiki hizi tatu, za kizazi kimoja, wiki tatu zinazofuata tumia dawa ya kundi jingine kabisa. Muulize bwana shamba kundi, usimuulize rangi ya pakiti. Na kwenye ukingo wa tuta, zile chainizi zilizokwisha kupanda maua ambazo hata sokoni Ilala hazichukuliwi, msizipulizie. Ndiyo kona yangu ya viwavi, mzee. Humo pia wamo nyigu wadogo kama mchwa wenye mabawa, wanaotaga ndani ya viwavi. Bt haiwaui nyigu wale. Sumu zenu nyingine zinawamaliza.

Sasa kopo jeupe.

Lipokeeni. Jani limepuliziwa Bt, saa ileile, kipimo kilekile. Mnaona nini? ... Eee. Madirisha kama kopo jekundu. Kumi wote hai na wanakula. Mnasema nini? ... "Usugu!" Nilijua.

Viwavi hawa ni ndugu wa wale wa kopo la bluu, tuta moja, asubuhi moja. Kama ni usugu, mbona wale wameacha kula? Tofauti ni pakiti. Ya bluu niliifungua juzi, nikaitoa kabatini. Ya nyeupe nilinunua kwenye duka moja, silitaji, ilikuwa juu kabisa ya shelfu, chini ya bati, hakuna dari, na tarehe yake ilikuwa imefunikwa na kibandiko cha bei. Nilipobandua, ilikuwa imepita. Sikuwa nimeitazama wakati wa kununua, ndiyo hiyo aibu niliyosema. Niliondoka nayo nikaona nisiitupe, nije nayo kwenu.

Kwa hiyo mtu akiniambia dawa imeshindwa, kwanza nauliza ilipuliziwa saa ngapi, ilikaa wapi, maji yalikuwa kiasi gani. Kisha namwambia afanye hivi nilivyofanya, haina gharama. Makopo mawili, jani la maji na jani la dawa mpya, viwavi wadogo kumi kumi kutoka tuta lake. Asihesabu waliokufa kesho yake, atazame jani. Siku ya tatu ahesabu. Jani la dawa likiliwa kama la maji, achukue viwavi wa tuta la mbali, wa mtu asiyepulizia, arudie kwa pakiti ileile. Wale wa mbali wakifa na wake wakaishi, hapo sasa apige simu, na mimi nitakuja mbio.

Mzee mwenye maswali, karibu. ... Anauliza: nikiacha ukingo wangu bila kupulizia na jirani akaja usiku akaupulizia kwa kunionea huruma, nifanye nini? Mzee wangu, hilo si la bakteria, hilo ni la mwenyekiti, na amekaa hapa.

Kopo la bluu liko kwa nani? ... Binti, funua taratibu, mguse kila mmoja kwa hicho kijiti. Wangapi wanajongea? ... Wanne. Saa mbili na nusu nilipofika walikuwa saba. Andika saa hapo juu ya kifuniko, ulipeleke nyumbani, uliweke kivulini. Jumatatu nitapita kwenu kuhesabu na wewe.